Bodoni, Didot na mstari mwembamba

Kila ninaposanifu jalada la jarida, mkono wangu hukimbilia herufi za ukoo wa Bodoni na Didot, zile ambazo mistari yake ya wima ni minene na vijistari vinavyomalizia ncha zake ni vyembamba mno. Kwangu mimi hakuna herufi za Kilatini zinazozishinda kwa heshima zikiwekwa kubwa, na ndiyo maana huniuma kuziona zikitumiwa ovyo.

Wembamba ule ulizaliwa na karatasi. John Baskerville, mchapaji wa Birmingham, Uingereza, alipochapa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, mwaka 1757, alitumia karatasi laini kuliko ya wenzake pamoja na wino mweusi sana, kisha akazikandamiza kurasa kwa sahani za shaba zilizopashwa moto. Juu ya karatasi yenye mikwaruzo, mstari mwembamba hukatika au humezwa na wino. Mchonga herufi Firmin Didot huko Paris, na Giambattista Bodoni, aliyeongoza kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma, Italia, tangu 1768, waliusukuma mtindo huo hadi ukomo wake. Bodoni hakuridhika na umbo moja la kukuzwa na kupunguzwa. Kila saizi ilichongewa herufi zake.

Somo hilo ndilo ambalo kompyuta ilitusahaulisha. Jarida la mitindo la Harper's Bazaar lilipobadilishwa sura mwaka 1992 chini ya msanifu Fabien Baron, mchora herufi Jonathan Hoefler alilichorea Didot katika matoleo 7, kuanzia la pointi 6 hadi la pointi 96 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), ili mstari mwembamba ubaki vilevile hata kichwa cha habari kikiwa kidogo au kikubwa. Ukichukua toleo la kichwa cha habari ukalishusha hadi saizi ya aya, vijistari vinapotea na msomaji anabaki na vipande vya wima. Ukilikuza la aya lijaze bango, linakuwa zito na haiba yote inakwisha. Siku hizi hatuna kisingizio, kwa sababu fonti ya kompyuta iitwayo Bodoni Moda ni ya bure na umbo lake hujirekebisha kulingana na saizi, kati ya pointi 6 na 96.

Kiswahili nacho kina madai yake. Lugha yetu imejaa m, n, u na i, na herufi hizi karibu zote ni mistari ya wima. Neno umuhimu, kwa herufi ndogo, lina mistari minene 15 iliyosimama sambamba, na katika Bodoni iliyobanwa linaonekana kama ua wa fito. Kwa hiyo mimi huongeza nafasi kidogo kati ya herufi, tofauti na wasanifu wa majarida ya Ulaya wanaopenda kuzigusanisha, na neno la namna hiyo likiwa peke yake jaladani hulipanga kwa herufi kubwa, kwa kuwa M na H zina vijistari vya kupumzisha jicho. Aya za ndani nazipangia fonti nyingine kabisa, yenye mistari inayokaribiana unene.