Miche ya nyanya kubabuka baada ya kuhamishwa: tulivyotatua

Chanzo hakikuwa maji; hayakupungua. Miche ilitoka kivulini ikapandwa juani siku hiyohiyo. Majani yakababuka, yakawa meupe kama karatasi. Jani lililokulia kivulini ni laini mno, halihimili jua kali wala upepo.

Sasa kivuli cha kitalu kinaondolewa kidogo kidogo, siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha. Siku ya kwanza jua la asubuhi tu, kwa muda wa saa 2, kisha unaongeza kila siku hadi miche ishinde juani. Punguza maji, lakini usiiache inyauke. Mbolea ya naitrojeni simamisha. Inarefusha shina bure. Shina likipata uzambarau kidogo, usihangaike. Siku ya kupanda mwagilia kitalu asubuhi, uhamishe kuanzia saa 10 jioni.