Ngwe za Laxton

Kutoka Nottingham, Uingereza, nilipanda basi mpaka Ollerton, kisha teksi. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Njia nzima kila shamba lilikuwa limezungushiwa ua wa miti, kila mwenye chake na chake. Tulipokaribia kijiji cha Laxton ua huo ukaisha. Mbele yangu kulikuwa na konde moja kubwa, wazi, udongo wa mfinyanzi mwekundu, na chipukizi za ngano zimeanza kutoka.

Kijiji hiki kina makonde makubwa matatu: West Field, South Field na Mill Field. Kila mkulima ana ngwe zake humo, vipande vyembamba vya shamba, zimechanganyika na za wenzake. Mwaka huu konde moja ni zamu ya ngano, la pili litapandwa nafaka nyingine majira ya machipuko, la tatu linapumzika. Mwakani zamu inahama. Ndivyo sehemu kubwa ya Uingereza ilivyolima Enzi za Kati. Baadaye, hasa katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kugawa makonde na kuyawekea ua, na maskini wengi wakakosa pa kulishia ng'ombe wao. Laxton ikabaki na makonde yake. Ipo ramani yake ya mwaka 1635, inayotunzwa Oxford, iliyochora kila ngwe, pamoja na watu wadogo wanaolima na kuvuna.

Hata nyumba zinakueleza jambo hilo. Nyingi zimeipa barabara ubavu, ua wa mifugo na maghala viko nyuma. Mkulima ambaye ngwe zake zimetawanyika pande tatu atajenga shambani kwa lipi? Anakaa kijijini na wenzake.

Lakini kilichonitoa nyumbani ni baraza lao. Kila mwishoni mwa Novemba wakulima walioteuliwa hulikagua konde la ngano: nani kaivamia njia kwa plau, nani hakusafisha mtaro. Wanapigilia vigingi kuonyesha mpaka. Wiki moja baadaye baraza hukaa katika baa ya kijiji, Dovecote Inn, na aliyekosa hutozwa faini.

Nilichuchumaa kwenye kigingi kimoja. Mti ulikuwa mbichi, kichwa kimepondwa na nyundo, nyuzi zake zimechanua. Kando yake tuta la mwisho lilikuwa limepinda kuingia njiani, upana wa kiganja tu. Nikawaza masale yetu kule Marangu, jani tunalopanda mpakani na ndilo hilo hilo tunalompelekea jirani tukimwomba radhi. Baba yangu aligombana na jirani kwa ajili ya hatua mbili za ardhi, kesi ikakaa miaka tisa. Walizikwa hawasalimiani. Iliniuma sana pale, mbele ya kigingi kile.

Ardhi yenyewe imebadilisha mikono: mwaka 1952 iliuzwa kwa Wizara ya Kilimo, mwaka 1981 ikaenda Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Ufalme, mwaka 2020 ikachukuliwa na Thoresby Estate, wamiliki binafsi wa ardhi. Baraza halikuvunjika.

Mzee mmoja alipita na mbwa wake, akasimama. Nikamuuliza kama amewahi kutozwa faini. Akasema mara moja, zamani, na aliyemshitaki ndiye aliyemsaidia kuvuna mwaka ule. Kisha akaninyooshea kidole bondeni. "Tuta lenyewe lile pale, karibu na mtaro."