Nilivyotoa brakiopodi wenye miiba ndani ya jiwe la chokaa

Jiwe lilikuwa la kilo 2, chokaa ya enzi ya Permi (zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita) kutoka Glass Mountains, Texas. Patasi haifai hapo. Brakiopodi ni wanyama wa baharini wenye magamba mawili, na hawa wa jiwe langu ni visukuku. Wale wa kundi la produktidi walikuwa na miiba myembamba kama sindano, na nyundo huanza kwa kuvunja hiyo. Njia ni ile iliyompa sifa G. Arthur Cooper, mtaalamu wa visukuku wa makumbusho ya Smithsonian, Marekani: yeyusha jiwe, magamba yabaki. Hufaa tu pale silika, madini ambayo asidi hii haiyeyushi, ilipochukua nafasi ya chokaa ya gamba. Dondoshea gamba tone la asidi kwanza. Likitoa povu kama jiwe lenyewe, acha, utapoteza vyote.

(Brakiopodi si ndugu wa kombe wala chaza. Gamba moja la kombe halilingani kulia na kushoto, ila lafanana na mwenzake. Kwa brakiopodi ni kinyume chake.)

Nilitumia asidi hidrokloriki ya asilimia 31, sehemu moja kwa mbili za maji. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Kazi ilifanyika nje, miwani usoni na glavu mkononi, ndoo ya plastiki. Lita moja ya mchanganyiko huo huyeyusha takriban gramu 160 za chokaa, kwa hiyo jiwe lile lilikula zaidi ya lita 12, nikiongeza kidogo kidogo. Ukimimina yote kwa pamoja, mapovu hupanda kwa nguvu na kukata miiba. Hilo ni kosa linaloharibu kazi. Chini ya jiwe weka wavu wa plastiki ulioinuliwa, maana jiwe likishalika upande mmoja hupinduka na kuponda kilichokwisha kutoka.

Tope lililobaki usilisugue. Nililiondoa kwa maji ya polepole, kisha nikabadilisha maji kila siku kwa juma zima. Ukiharakisha, kloridi ya kalisi (chumvi inayotokana na asidi na chokaa) hubaki ndani, huvuta unyevu hewani, na gamba halikauki.

Yakikauka, magamba huwa mepesi na huvunjika hata kwa kibanio. Niliyachovya kwenye gramu 5 za Paraloid B-72 (utomvu wa plastiki wa kuimarisha vitu dhaifu) zilizoyeyushwa katika mililita 100 za asetoni. Dawa hiyo ikizidi uzito hung'aa kama vanishi na kuziba alama za misuli zilizo upande wa ndani, nazo ndizo zinazotumika kutambua jenasi.