Khukuri: mjue mhunzi kabla ya duka

Duka linalokuuzia khukuri, kile kisu kikubwa kilichopinda cha Nepal, mara nyingi halina fuawe. Linaagiza kwa kami, yaani mhunzi wa jamii inayofua chuma Nepal kizazi hadi kizazi (wengi wao siku hizi hutumia jina la ukoo Bishwakarma), kisha linapiga chapa yake kwenye ubapa. Kami akihama karakana, mkono wake unahama naye na chapa inabaki palepale. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe "nani ameifua?" Anayejibu kwa jina, au kwa alama ya mhunzi iliyogongwa kwenye ubapa, tayari yuko mbele ya wenzake. Himalayan Imports, kampuni ya Marekani inayoagiza kutoka Nepal, ilijijengea jina kwa njia hiyo: kila kami ana alama yake, na wakusanyaji hutafuta alama kabla ya muundo.

Kuhusu chuma, kinachotumika sana ni springi za malori zilizochoka, ambazo kwa kawaida huwa za aina ya 5160. Wapo pia wanaotumia chuma cha reli. Tangazo lisemalo "chuma bora cha kaboni" bila zaidi halijakuambia kitu. Na khukuri "ya asili" isiyoshika kutu ni ya kumpelekea shemeji aning'inize ukutani.

Chuma kizuri, hata hivyo, huharibiwa kwa dakika moja, na dakika hiyo ni ya birika. Kami hupasha ubapa kwenye mkaa mpaka uive wekundu, huugeuza makali yaangalie juu, kisha humimina maji kwa birika kufuata ukingo wa makali, akienda na kurudi. Maji hayagusi mgongo. Makali yanakuwa magumu ghafla, mgongo unabaki na joto, na joto hilo hurudi taratibu kwenye makali na kuyapunguzia wepesi wa kuvunjika. Kami hutazama rangi ya nyasi kavu ikitambaa kuelekea makali. Ikifika anapopataka, humwagia tena kuizuia. Sehemu inayokusudiwa kuwa ngumu kabisa ni bhundi, lile tumbo linalopiga. Ncha na eneo la karibu na mpini huachwa laini kidogo kwa makusudi, zisije zikavunjika.

Kupima, chukua pembe ya tupa ndogo na uivute polepole juu ya makali. Kwenye tumbo iteleze kama juu ya kioo. Kwenye mgongo ing'ate. Iking'ata kwenye tumbo, ama chuma hakikupata joto la kutosha kabla ya maji, ama kiliungua baadaye kwenye jiwe la umeme wakati wa kunoa, na ugumu ukaondoka. Makali yanayomeguka vipande vidogo yamekosa ile hatua ya kurudishiwa joto. Kosa la jiwe la umeme ndilo ninalolishuku kwanza kwenye khukuri zinazong'aa kupita kiasi.

Sasa uzito, na hapa watengenezaji wanaachana waziwazi. Tazama mgongo kutoka juu. Khukuri iliyofuliwa vizuri hupungua unene kutoka kwenye kanjo (ile pete ya shaba inayopokea mpini) mpaka kwenye ncha: kwa ubapa wa sentimita 26 hivi, tegemea milimita 8 hadi 10 kwenye kanjo, pungufu kidogo kwenye juro, yaani kona ya mgongo, na 3 au 4 karibu na ncha. Uzito wake utaangukia kama gramu 500 hadi 650. Ubapa ulio na unene uleule toka mwanzo hadi mwisho umekatwa kwenye bamba na kusuguliwa tu, hata kama tangazo limeandika "umefuliwa kwa mkono". Omba picha ya mgongo na vipimo vitatu vya unene. Muuzaji akikutumia picha nyingine ya ubavuni iliyopigwa kwa mwanga mzuri zaidi, umeshajibiwa.

Himalayan Imports inajulikana kwa khukuri nene na nzito. Wanaozipenda wanazipenda kwa kukata magogo. Tora, kampuni nyingine ya khukuri, wamejikita kwenye kunakili miundo ya zamani, hasa ya kijeshi, na uzito wao unakaribia wa asili. Kailash, nao watengenezaji, wanapokea maagizo ya vipimo vyako mwenyewe, jambo lenye faida ukiwa unajua unachotaka na hatari ukiwa hujui. Khukuri House ya Kathmandu ina orodha ndefu kuliko subira ya mtu, kuanzia za kazi hadi kothimora, zile za ala iliyovikwa fedha. Kwa mkusanyiko, naona afadhali miundo mitatu tofauti kutoka mikono mitatu: sirupate nyembamba, bhojpure yenye tumbo pana, na hanshee ndefu ya mtindo wa karne ya 19. Chirra, yenye mifereji ubavuni, ije baadaye. Mifereji iliyopinda ni kasoro ya kawaida na hairekebishiki.

Ikiwezekana, kabla ya hizo zote tafuta moja ya zamani. Ghala la silaha la Lagan Silekhana huko Kathmandu lilitoa maelfu ya silaha kuukuu, ambazo kampuni za Marekani za IMA na Atlanta Cutlery zilianza kuziuza miaka ya mwanzo ya 2000, nyingi zikiwa na maandishi ya Devanagari (hati ya Kinepali) mgongoni. Ukiwa na moja mkononi, hutadanganywa tena kuhusu wepesi. Nyingi za leo zitakuonekea kama shoka.

Mpini una njia mbili. Wa panawal una mkia wa chuma uliotandazwa upana wote, na vipande viwili vya mti au pembe vimepigiliwa ribiti. Wa asili zaidi una mkia mwembamba unaopita katikati ya mpini mzima na kukunjwa nyuma kwenye kibati cha shaba. Hakikisha mkia umetokeza nyuma; mkia mfupi unaoishia katikati na kushikwa na gundi hulegea. Gundi yenyewe huitwa laha, na hulainika ikipata joto kali, kwa hiyo usiache kisu kwenye gari juani. Pembe ya nyati husinyaa na kupasuka kwenye hewa kavu. Ipake mafuta mara kwa mara. Mti wa sisau ni jamii ya Dalbergia, ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 2017 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ingawa tangu 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa.

Cho, lile pengo karibu na mpini, lina maelezo mengi kuliko kazi zake: kwato za ng'ombe, mungu wa Kihindu Shiva, damu idondoke hapo. Na ile hadithi ya kwamba khukuri ikichomolewa lazima imwage damu ni ya kuuzia watalii. Wewe angalia kama pembe za ndani zimeviringwa, maana pembe kali ndipo ufa huanzia.

Khukuri ikifika, ichomoe huku umeshika ala upande wa mgongo, vidole mbali na upande wa makali, kwani makali huweza kupasua ngozi yakapita. Futa grisi ya safarini, pitia ubapa wote kwenye mwanga ukitafuta nyufa nyembamba za kukingama kwenye makali. Hizo ni za maji ya birika, na kisu chenye ufa hurudishwa siku hiyohiyo. Karda, kile kisu kidogo cha alani, na chakmak, kipande butu cha kunolea kinachokaa nacho, mara nyingi vimefanywa harakaharaka hata na mafundi wazuri, usihukumu kazi kwa hivyo. Kisha paka mafuta ya cherehani na uweke ubapa nje ya ala. Ngozi huvuta unyevu, na kutu ya alani huanzia usipoiona.