Gqeberha hadi Cape Town kwa gari: nilivyopanga safari ili bahari iwe mkono wa kushoto

Karibu kila mtu niliyemuuliza kuhusu Garden Route, njia ya watalii kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini, alinipa ushauri uleule: shukia Cape Town, kodi gari, elekea mashariki. Nilifungua ramani, nikaitazama vizuri, nikaamua kuigeuza safari. Tukashukia Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth hadi 2021, tukamalizia Cape Town. Sababu ni nyepesi. Kule wanaendesha kushoto kama sisi Watanzania, na bahari iko kusini. Ukielekea magharibi, bahari inakuwa kushoto kwako, upande uleule wa barabara unaoendeshea. Ukiona pa kuegesha utazame mawimbi, unaingia tu. Anayekwenda mashariki lazima akate njia ya magari yanayokuja, na sehemu nzuri za kutazamia hupenda kukaa kwenye kona.

Mume wangu, ambaye ndiye angeendesha zaidi, hakuona tofauti.

"Si barabara ni ileile?"

"Ni ileile, Baba Asha. Ila ukienda mashariki bahari inakaa dirishani kwako wewe unayetakiwa kuangalia mbele, na mimi niliyekaa bure nabaki na mlima."

Hapo mjadala ukaisha.

Kitu cha pili ambacho vipeperushi vya utalii havikisemi ni kwamba N2, barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili kwa takriban kilomita 750, si barabara ya ufukweni. Sehemu kubwa ya njia bahari huioni kabisa. Kwenye eneo la Tsitsikamma unapita katikati ya misitu. Kati ya Mossel Bay na Cape Town barabara inaingia bara, inapita Riversdale, Swellendam na Caledon, kushoto ngano na kulia ngano. Tulikwenda Septemba, wakati kanola, zao la mafuta ya kula, imechanua na mashamba yamekuwa ya njano hadi macho yanauma, kwa hiyo kwa upande huo silalamiki. Lakini hatukupanda ndege kwenda kutazama mashamba. Ukiiachia simu ikuongoze, itakupitisha humohumo, maana kazi yake ni kukufikisha mapema.

Ndiyo maana upangaji wangu haukuanza na kilomita. Nilianza kwa kuzungushia duara vipande vya barabara ambavyo vinagusa bahari kweli: Wilderness hadi korongo la Kaaimans, R44 kutoka Rooi-Els hadi Gordon's Bay, kipande wanachokiita Clarence Drive, na mzunguko wa rasi iliyo kusini ya Cape Town, wenye barabara ya Chapman's Peak. Nikaongeza mahali pa kufuata kwa makusudi nje ya N2: mdomo wa mto Storms, Cape Agulhas na Hermanus. Vingine vyote nikavihesabu kuwa ni kusafiri tu.

Malazi yakafuata baada ya hapo. Kila pa kulala nilipachagua kwa swali moja: kesho asubuhi tukitoka hapa, tunaanza na nini? Nilitaka kipande kizuri kiangukie mchana mapema, tukiwa tumelala na kunywa chai. Jioni ukielekea magharibi jua linakupiga usoni, na huo ndio ubaya pekee wa kuigeuza njia hii. Septemba kule jua linazama saa kumi na mbili na kitu, kwa hiyo nikaweka sharti kwamba saa kumi jioni gari liwe limeegeshwa. Giza nililikataa moja kwa moja. Nje ya miji hakuna taa, kuna watu wanaotembea pembeni ya lami, na kuna wanyama.

Sharti jingine nililolishikilia: hatulali usiku mmoja mmoja njia nzima. Mtu akipanga safari ya namna hii anapenda kulala mji mpya kila siku, na kwenye karatasi inapendeza. Kwa kweli siku yenyewe inaliwa na kufunga mabegi, kurudisha funguo, kuendesha, kutafuta nyumba na kufungua mabegi. Nilichagua mahali pachache pa kutulia, na katikati nikaweka vituo viwili vitatu vya kupitisha usiku.

Gari lilihitaji kusomwa kwa makini kuliko nyumba. Kukodi mji mmoja na kurudisha mji mwingine kuna ada yake ya njia moja, na inatofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo nililinganisha jumla nzima, si bei ya siku. Dhamana wanaizuia kwenye kadi ya mkopo, na kampuni nyingi hazitaki kadi ya kawaida ya benki kwa ajili hiyo. Thibitisha kabla hujatoka nyumbani. Matairi na kioo cha mbele mara nyingi havimo kwenye bima ya msingi. Na mkataba wetu ulisema wazi kwamba uharibifu unaotokea kwenye barabara ya changarawe ni juu yako. Kwa sababu ya sentensi hiyo nilifuta kivuko cha Malgas, ambako wanaume wanavuta pantoni kwa mikono kuvuka mto Breede na gari lako likiwa juu yake. Nilikitamani sana, lakini njia ya kufika ni ya changarawe. Leseni haikutusumbua: ya kwetu ina picha na imeandikwa kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo wanayoangalia.

Usiku wa kwanza tulilala palepale Gqeberha, maana baada ya ndege mbili sikutaka mtu ashike usukani. Asubuhi tukatoka kuelekea Tsitsikamma.

Kambi ya Storms River Mouth ndiyo niliyoihifadhi mapema kuliko nyingine zote, miezi kabla, kwa sababu nyumba zilizo mstari wa mbele ni chache na ziko kwenye miamba kabisa. Wimbi likipiga unaona povu linaruka mbele ya baraza. Eneo hilo lilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na sehemu yake ya baharini ni ya zamani kuliko zote Afrika. Kuna njia ya mbao ya kwenda hadi kwenye daraja la kamba za chuma, urefu wake mita 77, linaloning'inia mahali mto unapoingia baharini. Unakanyaga, linacheza. Watanzania tuna nafuu ya kiingilio hapa: hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina kiwango cha raia wa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, kilicho chini ya kile cha wageni wengine, na unachohitaji ni kuonyesha pasipoti. Mkenya au Mganda aweke kwenye bajeti kiwango cha mgeni wa kawaida. Na lango lina saa za kufungwa, ulizia unapohifadhi nafasi.

Kutoka hapo hadi Plettenberg Bay ni kama kilomita 65, na unapita juu ya daraja la Bloukrans, mita 216 kutoka barabarani hadi bondeni. Wapo wanaoruka kutoka hapo wamefungwa kamba miguuni. Sisi tulivuka tukiwa ndani ya gari na ilitosha.

Kwenye N2 kuna adabu moja ya barabarani ambayo ningependa tuichukue. Gari la taratibu likiona uko nyuma, linasogea kushoto, linavuka mstari wa njano wa pembeni na kukuachia njia. Ukishapita unawasha taa za hatari mara mbili: asante. Yeye anakuwashia taa za mbele: karibu. Mume wangu alianza kupunguza mwendo makusudi ili tu apate mtu wa kumpisha. Lakini kabla hujasogea mwenyewe hakikisha unaona mbali, kwa sababu huo mstari wa njano ndipo wanapopita watembea kwa miguu.

Knysna tulipita mchana, tukala, tukasonga. Kutulia tulitulia Wilderness. Sababu ni kile kipande cha Kaaimans: asubuhi unatoka kijijini, barabara inapanda ikiwa imeegemea mlima, ufukwe wote unabaki chini kushoto, halafu inakunja na kuingia korongoni. Kwenye mdomo wa mto kuna daraja la reli lililojengwa karibu kabisa na mawimbi. Treni ya mvuke ya watalii ilikuwa ikipita hapo hadi maporomoko ya mwaka 2006 yalipoiharibu njia. Ni kipande kifupi mno, na kwa kuwa tulikuwa na asubuhi zaidi ya moja, tulikipita, tukageuza, tukakipita tena.

Mossel Bay nilikusudia iwe ya saa mbili tatu tu. Bartolomeu Dias alitia nanga hapo Februari 1488, na Vasco da Gama akapita mwaka 1497, miezi michache kabla hajafika Malindi Aprili 1498. Mtu wa pwani yetu ukisimama pale unajua hadithi inaelekea wapi. Kwenye jumba la makumbusho kuna mti wa kale ambao mabaharia Wareno waliacha barua mwaka 1500, na chini yake kuna sanduku la posta lenye umbo la kiatu. Ukitumbukiza kadi, inakwenda kweli.

Siku iliyofuata ndiyo ndefu kuliko zote, zaidi ya kilomita 300 kutoka Wilderness hadi Cape Agulhas, nyingi zikiwa ni zile za ngano. Sikujaribu kuipamba. Swellendam tulijaza mafuta (wahudumu wanakujazia, kama kwetu, na kadi inapokelewa), tukashuka kwa R319 kupitia Bredasdorp. Agulhas ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Afrika, na ndipo inapohesabiwa kwamba Bahari ya Hindi inakutana na Atlantiki. Kuna mnara wa taa uliowashwa mwaka 1849, kuna jiwe la kupigia picha, na kuna upepo. Usiku mmoja unatosha na kubaki.

Kutoka Agulhas ukipitia Napier na Stanford unafika Hermanus kwa lami yote, na Hermanus ndiyo iliyoamua mwezi wa safari nzima. Nyangumi wanaoitwa wa kusini huja kuzaa na kunyonyesha kwenye ghuba ile kati ya Juni na Novemba, na Septemba wako wengi. Huhitaji boti. Kuna njia ya miguu ya kilomita 12 juu ya miamba, yenye mabenchi, na wao wanakuja karibu. Asubuhi ya kwanza, kabla upepo haujaamka, tulimsikia kabla hatujamwona: pumzi nzito kama mtu anayefungua bomba la hewa, kisha ukungu ukabaki juu ya maji. Alikuwa na mtoto ubavuni. Mgongo wake ulikuwa mweusi na laini, kichwani mabaka meupe yaliyokwaruzika, na walikaa palepale wakielea bila haraka hadi sisi ndio tukachoka kusimama. Angalizo moja la ratiba: mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba mji hufanya tamasha la nyangumi, na tarehe 24 Septemba ni sikukuu ya taifa. Ukigonga siku hizo bila kuhifadhi nafasi, utalala garini. Mimi nilizikwepa kwa kwenda mapema kidogo.

Clarence Drive usiikimbilie alfajiri. Milima iko mashariki yake na kivuli chao kinakaa barabarani. Tulitoka Hermanus baada ya chai, tukasimama Stony Point pale Betty's Bay kuwaona pengwini, tukaingia Rooi-Els karibu na adhuhuri. Kuanzia hapo hadi Gordon's Bay barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na ghuba ya False Bay iko chini yako, kushoto, na maegesho yako kushoto. Pale ndipo Baba Asha alipokubali kwa mdomo wake kwamba uelekeo una maana. Nyani wapo, funga vioo unaposimama, na usile hadharani.

Cape Town sitaielezea, imeelezwa na wengi. Nitasema tu kwamba rasi nayo ina uelekeo wake. Ukizunguka kwa kufuata mshale wa saa, yaani Muizenberg, Simon's Town, Cape Point, Kommetjie, Noordhoek, halafu Hout Bay, bahari inabaki kushoto mwanzo hadi mwisho, na Chapman's Peak inakuja alasiri, jua likiwa upande wa bahari. Kipande hicho kina kilomita 9 na kona 114, kilikamilika mwaka 1922, na hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya mawe yanayoporomoka. Kiliwahi kukaa kimefungwa tangu 2000 hadi 2003. Asubuhi ya siku hiyo angalia kama kiko wazi kabla hujatoka. Kikifungwa, kutoka Noordhoek unarudi mjini kwa Ou Kaapse Weg, inayopita juu ya mlima. Kikiwa wazi, ukitokea Noordhoek utakiingia bila mtu kukudai kitu, kwa hiyo weka kadi karibu: kibanda cha malipo kiko mwisho, upande wa Hout Bay.