Nilivyofundisha matumizi ya sentrifuji bila kuwa chumba kimoja na wanafunzi

Nimezoea kuwafundisha wataalamu wa maabara nikiwa nimesimama kando ya mashine yenyewe. Nilipotakiwa kuwafundisha watu walio mbali matumizi ya sentrifuji, ile mashine inayozungusha mirija ya damu kwa kasi ili seramu ijitenge na chembe, nilidhani kamera ya kompyuta ingetosha. Haikutosha. Kila nilipoinama kuonyesha namna ya kupanga mirija ndani ya rota, yaani ile sehemu inayozunguka yenye matundu ya kuwekea mirija, washiriki waliona kisogo changu tu.

Nikaamua kurekodi video mapema. Simu niliifunga kwenye stendi nyuma ya bega langu, ili mtazamaji aione mikono yangu kama anavyoiona yake. Ukirekodi kutoka mbele, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake. Kila video ilibeba kitendo kimoja na haikuzidi dakika nne. Iliyonifaa zaidi ni ile ya mrija uliovunjika, kwa kuwa utaratibu unataka mashine izimwe na kifuniko kibaki kimefungwa kwa dakika 30 ili matone yaliyorushwa hewani yatulie, na hakuna darasa litakaloketi nusu saa likitazama kifuniko.

Kuzionyesha video hizo kulikuwa na matata yake. Nilipoonyesha skrini yangu kwenye Zoom, picha zilirukaruka na sauti haikuwafikia, kwa sababu sikuwa nimeweka alama kwenye vile visanduku viwili vya kushiriki sauti na kuboresha video. Hata baada ya kuviwekea alama, wenye mtandao dhaifu waliendelea kusumbuka. Tangu hapo nawatumia mafaili siku mbili kabla ya kikao, na kila mmoja anacheza nakala yake ninapotaja namba ya video.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa lilihusu mngurumo. Mirija isipolingana uzito, sentrifuji hutetemeka na kunguruma kwa namna ambayo fundi huitambua hata akiwa amegeuka, nami nilitaka waisikie moja kwa moja. Nikawasha mashine kwa kasi ndogo, nikauliza kama wameisikia, wakanijibu kwamba kumetulia kabisa: programu ilikuwa imeuchukulia mngurumo wangu kuwa kelele na kuufuta. Unaweza kuiamuru ipeleke sauti halisi, lakini mimi niliona heri niurekodi ndani ya video.

Kwa kuwa maelezo yote yamo kwenye video, muda wa kikao nautumia kutazama mikono yao. Simu moja huelekezwa kwenye rota yao, ikiwa imezimwa maikrofoni isije ikaleta mwangwi. Kwa sababu maneno yangu huwafikia kwa kuchelewa kidogo, niliweka sharti kwamba hakuna atakayebonyeza kitufe cha kuanzia mpaka niseme “washa” naye alirudie neno hilo. Katika kikao kimoja mshiriki alipanga mirija mitano kwenye rota yenye matundu manane, wa tano ukitazamana na tundu tupu. Nilinyamaza, nikasubiri. Aliushika mfuniko, akasita, akarudi kuitazama rota, kisha akasema, “Mwalimu, nipe dakika moja,” akaenda kujaza maji kwenye mrija mwingine mpaka ulipolingana uzito na ule uliokosa mwenzake.