Tea Party na Occupy: hasira moja, njia mbili

Siasa za Marekani zikitajwa kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, hapa Tanga, makundi mawili ya maandamano huwekwa pande mbili za itikadi na mjadala ukaishia hapo: Tea Party, wapinga kodi na matumizi ya serikali, wa kulia; Occupy, wapinga nguvu ya mabenki na matajiri, wa kushoto. Kwa mtu anayepanga kudai kitu, hata kama ni mtaro wa maji machafu Makorora, hilo halimsaidii sana. Hasira yao ilikuwa ileile. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki, huku watu wa kawaida wakipoteza kazi na nyumba. Tofauti kubwa ni kwamba mmoja alifuata viti vya uongozi na mwingine akashika uwanja.

Tea Party ilipata moto wake 19 Februari 2009, mtangazaji Rick Santelli wa CNBC, televisheni ya habari za biashara, alipofoka hewani kutoka Chicago, akipinga mpango wa kuwasaidia walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba. Kufikia 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, mikutano ilifanyika katika mamia ya miji. Wachumi walikuja kuipima siku hiyo kwa mvua: pale ambapo haikunyesha, watu walijitokeza zaidi, na mwaka uliofuata kura za Republican, chama cha mrengo wa kulia, zikawa nyingi zaidi. Kwa hiyo mkutano wa hadhara si bure, mradi waliohudhuria wapewe kazi ya kwenda kufanya nyumbani.

Kazi yenyewe ilionekana vizuri katika jimbo la Utah. Machi 2010 wanachama wa Republican walikutana jioni kwenye vikao vya majirani kuchagua wajumbe wa mkutano mkuu wa chama jimboni. Kwa kawaida vikao vya namna hiyo huhudhuriwa na wachache, na ukumbi ukiwa na wachache, familia tatu nne zenye msimamo mmoja zinatosha kumpata mjumbe. Tea Party walikwenda kwa wingi. Tarehe 8 Mei, wajumbe wapatao 3,500 walikutana Salt Lake City na kumwangusha Seneta Bob Bennett katika duru ya pili. Alikuwa amekaa Seneti miaka 17, na kosa lake kubwa machoni pao lilikuwa kura yake ya kuokoa mabenki. Jina lake halikufika hata kwenye kura za maoni za wanachama wote. Anayejua jinsi wajumbe wanavyoamua mambo hapa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwenye mikutano ya wabunge na wapiga kura, majira ya joto ya 2009, ulisambaa miongoni mwa Tea Party waraka wa maelekezo: tawanyikeni ukumbini msikae pamoja, kaeni nusu ya mbele, mpingeni mbunge mapema. Watu wachache waliotawanyika huonekana kama ni ukumbi mzima. Mbinu hiyo ina nguvu, lakini siipendi, kwa sababu inamnyima jirani mwenye swali la kweli nafasi ya kuuliza.

Walikosea pia. Katika jimbo la Delaware, Septemba 2010, walimpitisha Christine O'Donnell kwenye kura za maoni badala ya Mike Castle, mwanasiasa aliyezoeleka jimbo zima, kisha Novemba akashindwa vibaya na Chris Coons wa chama pinzani cha Democratic. Mgombea anayewafurahisha wajumbe si lazima awafae wapiga kura. Tena mashirika makubwa kama FreedomWorks na Americans for Prosperity yalileta fedha na mafunzo, na ajenda ikaja nayo. Hata hivyo, si kweli kwamba vikundi vya chini vilikuwa vya kubuni. Washington Post ilipovitafuta mwaka 2010 ilivipata na kuzungumza na vikundi 647, vingi vikiwa vidogo.

Occupy ilianza 17 Septemba 2011 New York, katika Zuccotti Park. Uwanja ule ni mali ya kampuni, lakini kwa makubaliano na jiji ulipaswa kuwa wazi kwa umma saa 24, wakati bustani za jiji hufungwa usiku. Ndiyo maana waliweza kulala pale.

Vipaza sauti havikuruhusiwa bila kibali, wakatumia vinywa vyao. Msemaji anatamka maneno matano sita, walio karibu wanayarudia kwa pamoja, na umati ukiwa mkubwa wanayapokea wa nyuma yao, mara ya pili, hata ya tatu. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anasikiliza kwa kinywa chake, na hakuna anayeweza kuhutubia kwa sentensi ndefu. Ubaya wake ni muda. Hotuba ya dakika tano inakula kumi na tano. Kwenye vikao vyao vya kuamua mambo, vidole vikichezeshwa juu ni kukubali, vikielekezwa chini ni kukataa, mikono ikipishanishwa kifuani ni kuzuia uamuzi kabisa, na kizuizi hicho kilihitaji asilimia 90 ya waliokuwapo ili kivukwe.

Sasa peleka kwenye kikao hicho suala la nani anunue mablanketi. Michango ilizidi dola 500,000, na matumizi yalipaswa kupita mkutanoni. Mwenye kazi ya asubuhi anaondoka saa tatu usiku. Anayebaki mpaka mwisho ndiye anayeamua. Hapo ndipo usawa ulipopotea, bila mtu yeyote kukusudia. Ugomvi wa wapiga ngoma na majirani waliokosa usingizi nao ulimeza vikao.

Usiku wa kuamkia 15 Novemba polisi waliwaondoa, na siku hiyohiyo mahakama ikakataa kuwarudishia mahema. Maktaba yao ya maelfu ya vitabu iliharibiwa. Mwaka 2013 jiji lilikubali kulipa dola 47,000 kwa ajili yake. Kikao, jiko na sanduku la fedha vyote vilikuwa pale, kwa hiyo uwanja ulipokwenda, hapakubaki mahali pa kukutana.

Lakini maneno yao "asilimia 99", yaani watu wote isipokuwa asilimia moja ya matajiri, yalibaki midomoni mwa watu. Baadhi ya wana-Occupy walianzisha mradi wa Rolling Jubilee Novemba 2012: walinunua madeni ya wagonjwa na wanafunzi kwa senti chache kwa kila dola, wakafuta karibu dola milioni 32 kwa michango ya takriban dola 700,000. Na Desemba 2016, waliowahi kufanya kazi katika ofisi za wabunge wa Democratic walitoa mwongozo wa Indivisible, wakisema wazi kwamba wameiga mbinu za Tea Party: mfuate mbunge wako mwenyewe, ofisini kwake, mara kwa mara.

Kwa anayetaka kukusanya watu kwenye uwanja wa Tangamano hapa Tanga: taarifa ya maandishi kwa polisi, angalau saa 48 kabla. Ila kabla ya kuiandika, pata majina ya watu ishirini watakaohudhuria mkutano mkuu wa mtaa unaofuata, na mmoja wao akubali kusimama na kuomba taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wote.